Timu Isiyopiga Duara

Mimi sijui kungoja. Nikiwa kwenye foleni, mtu wa mbele akianza kumuuliza karani habari za watoto, damu inanichemka. Mama yangu husema nilizaliwa njiani kwenda hospitali ya Kapsabet kwa sababu nilikataa kusubiri tufike. Basi mtu wa namna hii ukimweka na timu ya watu wapole kuliko wote jijini Louisville, usishangae ukimsikia akipiga kelele.

Timu yenyewe ni ya Shively, pembezoni mwa jiji hilo. Inacheza futboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, katika ligi ya ridhaa. Wachezaji karibu wote ni vijana wa Kikongo waliofika hapa wangali watoto, wakajifunza mchezo shuleni, na sasa wanafanya kazi kwenye maghala, viwandani na kwenye nyumba za kulea wazee. Kocha mkuu ni Cleopas, Mkenya mwenzangu, mhasibu aliyecheza raga chuoni na ambaye mpaka leo anaamini kwamba futboli ni raga iliyoharibiwa na mapumziko.

Mimi nilikuwa kocha wa mbio na viungo. Niliingia nchi hii kwa miguu yangu: chuo kilinifadhili nikimbie, nikakimbia mpaka kifundo cha mguu kikagoma, nikamaliza shahada, nikapata kazi ya ofisi. Lakini popote nilipokwenda, watu wakishasikia jina Jemutai na ninakotoka, walikuwa na swali moja tu: "Utatukimbizia vijana?" Miguu yangu waliipenda kweli. Kichwa changu hakuna aliyekiuliza neno, na hilo liliniuma, sitaki kudanganya. Nilitaka kupewa mashambulizi ya timu niyaendeshe mwenyewe. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka medali.

Na sababu nilikuwa nayo. Katika mchezo huu, kabla ya kila shambulio wachezaji hukusanyika duara, vichwa pamoja, na mrushaji wa mpira anawaambia watakachofanya. Kisha wanajipanga na mpira unaanza. Timu nyingine humaliza shughuli hiyo mara moja. Sisi hatukuweza. Waweke Wakongo na Wakenya kwenye duara, tayari una kikao. Bulonza, mrushaji wetu, alikuwa akishataja mpango, Marcellin anainua mkono. Marcellin ndiye jitu la katikati, yule anayepitisha mpira nyuma kati ya miguu yake ili shambulio lianze, kwa hiyo bila yeye hakuna kinachosogea.

"Bon," alikuwa akisema, "mi niko na neno kidogo."

Neno kidogo la Marcellin lilihitaji mtu wa kuliunga mkono. Wa kuliunga mkono alihitaji kwanza kushukuru kwa shambulio lililopita. Hapo mwamuzi anapuliza kipenga: mmechelewa, rudini yadi tano. Na sisi tunapiga duara lingine kujadili adhabu. Nilikuwa nasimama pembeni na chupa za maji nikitamani kulia.

Siku moja nikamfuata Cleopas baada ya mazoezi. Nikamwambia tuache duara kabisa. Shambulio likiisha, tujipange papo hapo, neno moja lipigwe, mpira uanze, tena na tena, wapinzani wasipate nafasi ya kuvuta pumzi.

"Haraka haraka haina baraka, Jemutai," akasema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Coach. La kwangu limeshaumia."

Akacheka, lakini aliniacha niseme. Nikamweleza. Vijana wetu ni wembamba, wa timu nyingine ni majabali. Jabali ana nguvu kwa mashambulizi machache, kisha anahitaji kutolewa aingie mwenzake. Sheria inasema sisi tusipobadilisha wachezaji na tukienda mbio, wao hawapati muda wa kubadilisha. Jabali litabaki uwanjani likiwa limechoka, na jabali lililochoka ni mzigo wa watu wake.

"Sawa, lakini fikiria hii," Cleopas akasema. "Tukienda mbio na tukose, shambulio linaisha in no time. Defense yetu imetoka tu uwanjani, inarudi tena. Itapumzika saa ngapi?"

Hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Mwendo wa haraka hauwachoshi maadui peke yao. Vijana walewale wanabaki uwanjani bila kubadilishwa, kila mmoja lazima ajue kazi yake bila kukumbushwa, na ukikosea, walinzi wako ndio wanaoumia.

"Ndiyo maana hatutakosa," nikamwambia.

Cleopas akapiga hesabu zake za kihasibu. Kisha akanipa masharti. Mashambulizi yangekuwa yangu mpaka mechi ya Buffalo, ya mwisho kabla ya nusu fainali. Tukiingia nusu fainali, yatabaki yangu. Tusipoingia, tunarudi kwenye duara na mimi narudi kwenye mbio zangu, bila maneno. Nikampa mkono kabla hajafikiria tena.

Nikawafanyisha kazi vijana wale mpaka Marcellin akaniita mtesaji. Walitoka kazini wamechoka, wakanikuta uwanjani na filimbi. Mipango yetu yote tuliipa majina ya chakula, kwa sababu mtu mwenye njaa hasahau chakula. "Sombe," yale majani ya muhogo, ilikuwa kukimbia kushoto. "Bugali," yaani ugali, ilikuwa kupenya katikati kwa nguvu, Marcellin mbele. "Sambaza," vile visamaki vya Ziwa Kivu, ilikuwa wapokeaji kutawanyika kila upande. Mimi napiga jina kutoka pembeni, Bulonza analirudia, mpira unaanza. Wiki za kwanza walikuwa wakigongana kama mbuzi kwenye mlango mwembamba. Baadaye wakaacha kugongana.

Mechi ya kwanza, nyumbani Louisville, tuliwala wapinzani wetu hadharani. Kabla ya mapumziko majabali yao yalikuwa yanashika viuno na kutazama mbingu. Kina mama walioleta chapati na maandazi walikuwa wakipiga kelele pamoja nami: "Sombe! Sombe!" Wapinzani hawakujua kama tunacheza au tunaagiza. Nilimwona Cleopas anatabasamu alipodhani siangalii.

Halafu tukaenda Columbus.

Timu ya Columbus ilikuwa imesikia habari zetu. Tulianza kwa kasi ileile, tukasogea vizuri, na mara mlinzi wao mmoja akaanguka, akashika paja na kugaagaa. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Timu nyingine yoyote ingebaki kwenye mstari. Ya kwetu ilikwenda yote kutoa pole. Marcellin alipiga magoti, akaukamata mguu wa yule bwana akaunyoosha kama anavyowanyoosha wazee wake kazini. Bulonza akamshika bega. Wengine wakasimama kumzunguka, nyuso za msibani. Wakati huohuo walinzi wengine wa Columbus wakanywa maji, wakabadilishana, wakapanga mambo yao. Yule mgonjwa akatoka nje kwa shambulio moja, kama sheria inavyotaka, kisha akarudi anaruka kama ndama.

Baada ya hapo akaanguka mwingine. Na mwingine. Kila tuliposhika kasi, kuna mtu chini, na vijana wangu mbio kumpa pole. Wakirudi kwenye mstari wamepoa, wamesahau neno nililopiga, na kwenye kutoa pole wameshaanza kuzungumza wao kwa wao. Tukakosa shambulio baada ya shambulio. Walinzi wetu wakaingia na kutoka bila kupumzika mpaka wakaisha kabisa. Tulifungwa, na Cleopas akakunja mikono kifuani bila kunitazama.

Wakongo wa Reynoldsburg, kando ya Columbus, walikuwa wametuandalia chakula kwenye ukumbi wa kanisa lao. Kila mtu alikuwa anakula na kutaniana. Mimi nilishindwa kumeza, nikaweka sahani chini nikasimama.

"Walikuwa wanajifanya!" nikafoka. "Wote! Hamkuona? Mnawapa pole watu wazima wanaowachezea akili!"

Marcellin akafuta vidole vyake taratibu.

"Coach, muntu anaanguka mbele yako, utamuruka tu?"

"Kama anadanganya, ndiyo!"

"Uongo ni yake," Marcellin akasema. "Pole ni yangu."

Ningewakataza, wangenitii kwa dakika chache, kisha mtu angeanguka kweli na miguu ingewapeleka yenyewe. Tena, niseme ukweli, kuna sehemu yangu ambayo isingetaka kufundisha timu inayomruka mtu aliyeanguka. Lakini Buffalo ilikuwa mbele yetu na kazi niliyoitaka ilikuwa inaponyoka.

Aliyefungua njia ni Kavugho, shangazi yake Marcellin, ambaye hufuatana na timu na mfuko wa bandeji na barafu. Kazi yake ni kuhudumia wazee, na hakuna mtu kwenye timu anayethubutu kumkatiza akizungumza.

"Donc sikiliza," akasema. "Kilio ikitokea kwetu Butembo, na sisi tuko huku, bote tunaendaka? Hapana. Tunatumaka muntu moja, anabeba pole ya bote. Bale banabakia, njo kusema habana huruma?"

"Hapana, Ma' Kavugho," vijana wakajibu pamoja.

"Bon. Mimi njo mujumbe. Muntu akianguka, naenda mimi. Ninyi mubakie ku mustari."

Marcellin akafikiri, akatikisa kichwa kukubali, na mwingine akaunga mkono. Safari hiyo kikao kilinifurahisha.

Tukafanya mazoezi ya pole. Najua inachekesha, lakini tulifanya. Nilikuwa nikimwangusha mtu mmoja, Kavugho anaingia na mfuko wake, na wengine wanasimama kila mmoja mahali pake, wakivuta pumzi, wakinisikiliza. Nikagundua kwamba mchezo ukisimama hivyo nilikuwa naweza kupiga majina mawili ya mipango kwa mfuatano. Muda waliotunyang'anya Columbus ulikuwa sasa wetu. Safari ya Buffalo nilipanda basi nikiimba, na Cleopas akaniuliza nimekunywa nini.

Uwanja ulikuwa North Buffalo, katikati ya nyumba zenye vibaraza vya mbao, na upepo wa ziwani ulipita chini ya jaketi kama hauoni jaketi. Wenyeji walikuwa wakubwa kuliko wa Columbus. Mmoja wao, mlinzi wa katikati mwenye namba hamsini na nne, alikuwa na shingo ambayo sikuona ilipoanzia.

Mwanzo haukuwa mzuri. Baridi iliwakaza vijana vidole, Bulonza akarusha mipira ikateleza, na mashambulizi mawili yakafa kabla sijamaliza kupiga kelele. Walinzi wetu wakarudi uwanjani bado wanahema. Cleopas akasema polepole, "Nilikuambia," na nikamjibu kwamba mchezo haujaisha. Nikaacha sambaza kabisa. Nikapiga sombe, bugali, sombe, hatua fupi fupi, mpira usirushwe, saa itembee kidogo, lakini tusiache kwenda. Tukaanza kusogea. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma, lakini Hamsini na Nne alikuwa ameshavua kofia mara kadhaa kupangusa jasho katika baridi ile, na mimi nilikuwa najua tunashinda. Sikutumaini, nilijua.

Kipindi cha pili kikaendelea hivyo mpaka mwishoni. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, mpira wetu, uwanja karibu wote mbele yetu, muda umebaki kidogo sana. Mpira wa kupigwa kwa mguu hutoa tatu tu, kwa hiyo ilikuwa tufike mwisho wa uwanja au twende nyumbani. Tukaanza. Sombe. Bugali. Sombe. Kila walipotaka kubadilisha mtu, mpira ulikuwa umeshaanza. Nilisikia kocha wao anawapigia kelele, na mara, kama nilivyotarajia, Hamsini na Nne akalala chini akishika goti.

Hakuna kijana wangu hata mmoja aliyehama. Marcellin alitingishika kidogo, nikamwona, lakini akabaki. Kavugho akaingia na mfuko wake, akapiga magoti karibu na jabali lile, na akampa pole. Simaanishi pole ya kupita. Alimpa pole ya kwao, yenye kushika mkono na kuuliza maumivu yalipo na mama yako yuko wapi, kwa Kiingereza chake cha kazini. Muuguzi wao alikuja akasimama kando, hana pa kushika. Yule bwana akatabasamu kwa aibu akajaribu kuinuka. Kavugho akamrudisha chini kwa kiganja kimoja. Kazini kwake mtu aliyeanguka hainuliwi mpaka akaguliwe, na Kavugho hakuwa akicheza mchezo wowote. Alimkagua. Mwamuzi mwenyewe alivua kofia yake kwa heshima, kisha akamwambia Hamsini na Nne atoke nje kwa shambulio moja.

Kavugho akarudi kwangu akitikisa kichwa.

"Coach, goti haina kitu. Lakini ule mutoto anachoka sana. Moyo yake inapiga sawa ngoma. Na bale benzake, mi nilibaangalia, miguu yabo inaisha."

Nilikuwa nimeshapiga majina mawili, bugali kisha sambaza. Bugali ilipita mahali alipokuwa Hamsini na Nne, pakiwa wazi kama mlango wa kanisa, na Bulonza akakimbia mpaka sauti ikakaribia kunipotea. Sambaza ikafuata kabla hawajageuka. Mpokeaji wetu aliudaka mpira akaangushwa hatua chache tu kutoka mwisho wa uwanja. Saa ilikuwa inatembea.

Cleopas akanishika mkono. Tulikuwa na haki moja iliyobaki ya kusimamisha mchezo.

"Time-out, Jemutai! Simamisha, tuwaite, tupange vizuri. Usiharibu sasa, please."

Alikuwa na maana. Tungewaita, tungewaeleza, mimi ningechagua shambulio la mwisho na ulimwengu mzima ungejua ni langu. Lakini na wao wangepumzika. Yote tuliyowatoa kwenye miguu yao tangu asubuhi wangerudishiwa.

"Hapana," nikasema.

Nikageuka kupiga jina. Nilikuwa nimeona walinzi wao wote wamejazana katikati, na neno lilikuwa kwenye ulimi: sambaza, pembeni, kuko wazi. Bulonza hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshasimama nyuma ya Marcellin, anawatazama wale walinzi machoni, kwa karibu, mahali ambapo mimi sikuwepo. Aliona kitu. Sikujua ni nini. Niliona tu bega lake likitulia.

Ningeweza kupiga kelele. Angenitii, maana nilikuwa nimewafundisha wanitii. Lakini mwendo huu wote nilioupigania unataka kitu ambacho sikukitaja siku ile nikimweleza Cleopas, kwa sababu sikukijua: kuna mahali unafika, kasi inakuwa kubwa kuliko sauti ya kocha. Hapo aliye karibu ndiye anayejua. Na kazi yangu ilikuwa juu ya neno hilo moja, na miezi yangu yote, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye mstari wa kuanzia mbio. Nikafunga mdomo.

"Bugali!" Bulonza akapiga.

Marcellin akaenda mbele. Walikuwa wengi mbele yake, kweli, lakini walikuwa wamesimama kwa kuegemeana, na alipowafikia hawakuwa na kitu cha kumzuia nacho. Hamsini na Nne, aliyekuwa amerudi, alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaketi. Bulonza akapita juu ya mgongo wa Marcellin akaangukia ndani na mpira kifuani. Mwamuzi akainua mikono yote miwili: pointi sita, tumeshinda.

Sikumbuki vizuri nilichofanya. Wanasema nilimbeba Kavugho. Ninachokumbuka ni Marcellin akimwinua Hamsini na Nne kutoka chini na kukataa kumwachia mkono, na yule jabali akicheka, na Cleopas amesimama palepale aliponishika mkono.

"Hiyo call ya mwisho," akaniuliza, "ulipiga saa ngapi? Sikukusikia."

"Sikupiga. Ni ya Bulonza."

"Wewe ungepiga nini?"

"Sambaza."

Akawatazama vijana, akanitazama mimi. Nikangoja aniambie kwamba basi sina nilichofanya. Nilijiandaa kabisa kugombana.

Yeye akakusanya koni na mipira, tukapanda basi. Vijana walikuwa nyuma wakiimba nyimbo za kwaya kwa sauti za watu walioshinda. Cleopas alipita siti zote akaja akaketi karibu nami.

"Nusu fainali," akasema, "wale tunaokutana nao wana wapokeaji warefu sana. Na wao pia wanaenda mbio. Mimi sijui tufanye nini. Wewe unaonaje?"

Machozi yakanitoka, na sikuyaficha wala sikueleza. Nikapangusa uso kwa mkono wa jaketi nikaanza kumwambia ninavyoona, kuanzia walinzi, kisha wapokeaji, kisha jambo moja kuhusu Marcellin. Tulipopita mji wa Erie nilikuwa bado naongea, na Cleopas alikuwa bado anasikiliza.